Ukifika Marseille, salimu kwanza, kisha soma ubao

Mpwa wangu anasafiri wiki ijayo kwenda Marseille, Ufaransa, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Kila anayekuja hapa kwetu Shangani, Mtwara, kumuaga anamhadithia baridi. Mimi niliwahi kukaa kule, na kilichonisumbua wiki za mwanzo kilikuwa chakula. Nilikuwa napita mbele ya bistro, nachungulia zile meza na glasi, naona hapa posho yangu haitoshi, naenda zangu kununua mkate. Kumbe bistro ndiyo mama lishe wao: mgahawa mdogo wa mtaani, mwenyewe yupo kaunta, na wateja ni walewale kila siku.

Mpwa wangu, ukiingia usianze kuulizia chakula. Sema "Bonjour madame" au "Bonjour monsieur" ukiwa bado mlangoni, halafu subiri uonyeshwe pa kukaa. Kwao kuacha salamu ni sawa na hapa Mtwara kumpita mtu mzima barazani bila shikamoo. Mwanzoni sikulijua hilo, nikawa nahudumiwa kwa uso mkavu. Nilipoanza kusalimu, mama wa bistro ya karibu na chuo akawa ananiwekea meza ya dirishani, na siku nisipokwenda, kesho yake ananiuliza kama nilikuwa naumwa.

Bei utaiona nje kabla hujaingia, sheria yao inataka hivyo. Kwenye ubao tafuta maneno "plat du jour", yaani chakula cha siku. Mara nyingi ndicho cha bei nafuu, na hutoka haraka. Kuna na "formule": kianzio na chakula, au chakula na kitamu cha mwisho, kwa bei moja. Ya kwangu ilikuwa yuro 16, mchana tu, siku za kazi. Usiku ni bei nyingine, kwa hiyo shiba mchana. Ila wahi! Jiko linafanya kazi saa sita hadi saa nane. Hapa sokoni ukichelewa hadi saa tisa bado unaweza kuambulia wali na samaki. Kule utaambiwa wamefunga.

Maji ukiyataja hivihivi unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Sema "une carafe d'eau", utaletewa jagi la maji ya bomba, safi na ya bure. Mkate nao hulipii, na ukiisha unaomba mwingine.

Hapa nisikilize vizuri, kwa kuwa sisi ni Waislamu. Nguruwe huwa hajitangazi. Neno "lardons" ni vipande vyake, na utavikuta hata kwenye saladi. Quiche lorraine, aina ya pai ya mayai, inavyo pia. Boeuf bourguignon ni ng'ombe, lakini amepikwa kwa mvinyo. Uliza kila mara, hawachukii kuulizwa. Na nyama ya kuchoma sema "bien cuit", iive kabisa. Mimi sikusema, ikaja inavuja damu nikashindwa kuimeza. "Tartare" ndiyo mbichi kabisa.

Mimi nilikuwa nakula samaki zaidi, ndio tuliowazoea. Asubuhi nenda Vieux-Port, bandari ya zamani, uone wavuvi wanavyouza pale gatini, utalikumbuka soko letu la samaki la Feri. Bouillabaisse, mchuzi wao maarufu wa samaki, iache mpaka mtu akualike, ni ghali mno.

Ukimaliza, usidhani wamekusahau. Bili hailetwi mpaka uombe: "L'addition, s'il vous plaît." Huduma imeshahesabiwa kwenye bei, hudaiwi cha juu.

Na begi lako liwe na nafasi ya korosho, kilo moja, zile zilizobanguliwa na kukaangwa. Siku yangu ya mwisho nilimpelekea yule mama. Alizimimina kwenye bakuli, akalizungusha kwa wateja wote, akiwaonyesha kwa kidole kwamba zimetoka kwetu.