Rubani anayevua sare Marekani: anza kupanga miezi 18 kabla

Rubani anayetoka Jeshi la Anga la Marekani na kwenda shirika la ndege huwa mtu wa akiba mara mbili. Jeshini yuko kikosi cha akiba: wikendi moja kwa mwezi, siku 15 kwa mwaka, na vipindi vya ziada vya kuruka ili mkono usilale. Kwenye shirika la ndege ni mgeni asiye na ratiba yake, anakaa karibu na simu akisubiri kuitwa. Waajiri wawili wanagombea kalenda moja, na makosa mengi tunayoyaona hutokana na mtu kupanga upande mmoja kwanza na kuuacha wa pili ujipange wenyewe. Ndiyo maana miezi 6 haitoshi. Anza miezi 18 kabla.

Jua kwanza unadaiwa nini. Jeshi la Anga linadai miaka 10 ya utumishi tangu siku ya kuhitimu urubani, na Jeshi la Nchi Kavu lilipandisha deni lake hadi miaka 10 mwaka 2020. Lakini juu ya hapo kuna madeni madogo madogo: ukihamishwa kituo, ukifundishwa ndege mpya, ukipokea bonasi, au ukihamishia mwanao haki yako ya masomo ya GI Bill, tarehe inasogea. Tarehe inayokufunga ni ile ya mbali kuliko zote. Iombe kwa maandishi kutoka ofisi ya utumishi, usiihesabu kichwani. Aliyemaliza deni huhamia akiba kupitia mpango wa Palace Front. Ambaye bado anadaiwa huomba Palace Chase, na huko ombi linaweza kukataliwa.

Kinachowakwamisha wengi ni kamisheni, yaani uteuzi rasmi wa uofisa. Ofisa wa jeshi la kudumu ana kamisheni ya jeshi la kudumu, na ile haimfuati akibani. Anatakiwa apewe nyingine ya akiba, na jina lake lipite kwenye orodha inayokwenda hadi ofisi ya Waziri wa Ulinzi. Jambo hilo huchukua miezi. Jina lisipopita kabla ya siku ya kutoka, unakuwa raia wa kawaida: huna kikosi, huna malipo ya mazoezi, huwezi kugusa ndege. Kwa hiyo swali la kumuuliza ofisa uandikishaji wa akiba kila mwezi ni moja tu: jina langu limeshapelekwa, na lilipelekwa tarehe ngapi?

Je, akiba ina faida kwa mtu atakayelipwa vizuri na shirika la ndege? Tupige hesabu. Mtu aliyetumikia miaka 11 akatoka moja kwa moja hana pensheni ya kila mwezi ya jeshi. Yule yule akiingia akiba kwa miaka 9, anafikisha 20. Pensheni ya akiba huhesabiwa kwa pointi. Miaka 11 ni pointi 4,015, moja kwa kila siku aliyokuwa kazini. Kila mwaka wa akiba una pointi 15 za uanachama, 48 za mazoezi ya wikendi na 15 za kazi ya mwaka: 78. Mara 9 ni 702. Jumla 4,717, gawa kwa 360, unapata miaka 13.1. Kwa mfumo wa zamani unazidisha kwa asilimia 2.5, unapata karibu asilimia 33 ya mshahara wa msingi. Kwa mfumo ulioanza Januari 2018 unazidisha kwa asilimia 2, karibu 26. Fedha hizo huanza kulipwa ukiwa na miaka 60, na umri huo unaweza kupungua kwa miezi 3 kwa kila siku 90 za wito wa kazi unaostahili. Hapo hatujahesabu vipindi vya kuruka, ambavyo navyo vina pointi. Na mashirika ya ndege huwapunguza watu. Yalifanya hivyo baada ya Septemba 2001, na mwaka 2020 maelfu walipewa barua. Waliokuwa na kikosi walikuwa na mahali pa kuomba siku za kazi.

Sasa leseni. Usingoje utoke. Rubani wa jeshi hupata leseni ya biashara na kibali cha kuruka kwa vyombo (kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje) kwa kufanya mtihani mmoja wa maandishi wa uwezo wa kijeshi, bila kuruka na mtahini. Unaweza kuufanya mara tu baada ya kuvishwa mabawa. Leseni ya juu, ATP, inataka saa 1,500 kwa kawaida. Sheria hiyo ilitokana na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009. Rubani wa jeshi anaruhusiwa ATP yenye mipaka akiwa na saa 750. Kabla ya mtihani wake wa maandishi lazima upite kozi ya saa 30 darasani na saa 10 kwenye vifaa vya kuigiza urukaji, na matokeo ya mtihani hudumu miezi 60. Rubani wa helikopta awe mwangalifu: jumla ya saa zake huhesabiwa, lakini bado anahitaji saa 250 za uongozi wa ndege ya mabawa na saa 50 za ndege ya injini zaidi ya moja. Hizo atazinunua mwenyewe, au atafute shirika dogo linalogharamia.

Kwenye saa ndiko maombi yanakochafuka. Jeshi huhesabu tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapogusa. Mashirika huhesabu tangu ndege inapoanza kujiendesha kuelekea kuruka. Kwa hiyo mengi humruhusu rubani wa jeshi aongeze dakika kwa kila safari, na kila shirika lina kipimo chake. Chukua rubani wa F-16 mwenye saa 1,300 katika safari 900. Shirika linaloruhusu nyongeza ya 0.2 litamsomea 1,480; linaloruhusu 0.3 litamsomea 1,570. Lisiloruhusu litamsomea 1,300. Mtu akinakili jumla ya shirika moja kwenye fomu ya shirika jingine, namba hazilingani na rekodi ya jeshi, na siku ya usaili msaili anazo zote mbili mezani.

Dawa yake ni kuwa na jedwali moja lenye saa ghafi tu: kila safari, tarehe, aina ya ndege, usiku, vyombo, na kama wewe ndiye uliyesaini ndege, yaani uliyekuwa kiongozi wake. Nyongeza ikae kwenye safu yake peke yake. Ule muda wa “mengineyo”, uliokaa ndani ya ndege bila usukani, utenge, kwa sababu wengi hawauhesabu. Kwenye fomu za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani inayotoa leseni, andika saa za rekodi ya jeshi bila kuongeza kitu. Na chukua nakala za rekodi hizo, zenye mhuri, kabla hujarudisha kitambulisho chako. Ukishakuwa nje, kuzifuatilia ni kazi nyingine.

Afya ndiyo sehemu inayotutia hofu zaidi kwa ajili ya wenzetu. Madai ya fidia ya ulemavu kwa idara ya maveterani huwasilishwa kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka. Kipindi hicho hicho unatafuta cheti cha afya cha daraja la kwanza. Mgongo, masikio yanayolia, kukatika pumzi usingizini: utakayoyaeleza upande mmoja lazima uyaeleze na upande wa pili, maana fomu ya FAA inauliza waziwazi kama unapokea fidia ya ulemavu. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba FAA ilikuwa ikichunguza marubani wapatao 4,800 ambao taarifa zao za pande hizo mbili hazikulingana. Kupokea fidia peke yake hakukuzuii kuruka. Kuficha ndiko kunakopoteza leseni. Nenda kwa daktari wa anga kwa mashauriano kwanza, ukiwa na faili lako lote, kabla hujajaza fomu hata moja.

Ukishaajiriwa, sheria ya USERRA ya mwaka 1994 inailinda kazi yako na namba yako ya ukongwe unapokwenda kazi ya jeshi, na ukongwe ndio unaoamua ndege, kituo, likizo na siku utakayokuwa kapteni. Toa taarifa mapema. Ukirudi kutoka kazi ya jeshi isiyozidi siku 30, ripoti zamu inayofuata baada ya kufika nyumbani na kupumzika saa 8; siku 31 hadi 180, omba kurudi ndani ya siku 14; zaidi ya hapo, ndani ya siku 90. Kikomo cha jumla ni miaka 5 kwa mwajiri mmoja, na mazoezi ya wikendi na kazi ya mwaka hayaingii humo.

Lakini sheria hiyo haikurukii saa. Baada ya kufaulu jaribio la ndege mpya, unatakiwa uruke saa 100 ndani ya siku 120. Mtu anayesubiri simu kwenye msimu wa safari chache anazipata kwa shida. Akichukua wiki 3 za jeshi katikati, muda unakwisha na anarudishwa kwenye mafunzo. Zungumza na kamanda wa kikosi kabla ya tarehe ya darasa, mkubaliane kwamba miezi 5 ya mwanzo hakuna safari ndefu, na kwamba wikendi zitakazogongana na darasa zitafanywa baadaye.

Na chagua kikosi kwa ramani kabla hujachagua kwa ndege. Memphis kuna ndege za C-17 za Gadi ya Taifa, ambayo nayo ni akiba, kwenye uwanja ule ule wa kitovu cha shirika la mizigo la FedEx. Louisville kuna ndege za C-130J jirani na UPS, shirika jingine la mizigo. Kituo cha akiba cha Dobbins kiko mwendo mfupi wa gari kutoka Atlanta. Anayeishi mji wa tatu, mbali na kikosi na mbali na kituo cha shirika, hutumia siku zake za mapumziko kwenye viti vya abiria akienda kazini.

Mwisho, bima ya maisha ya wanajeshi, SGLI, hukoma siku 120 baada ya kutoka kama hukuingia kikosi. Kuihamisha kuwa ya veterani bila maswali ya afya una siku 240.