Mkunga unayefungua kliniki yako: kabla ya kukata bima, uliza habari ya tarehe

Dada uliyeuliza kama bima ya dhima ya kitaaluma (inayolipa fidia ukidaiwa umemuumiza mtu kazini) ina maana kwa mkunga anayefungua nyumba ya uzazi, kwa kuwa wakala amekuambia ya moto na wizi inatosha: haitoshi. Ya moto inalipa jengo na vitanda. Mtoto akiumia mikononi mwako, hiyo haimo. Mimi ya dhima nilikuwa nayo, na bado haikunisaidia.

Alikuja mama wa uzao wa pili, uchungu ukaenda vizuri, kichwa kikatoka, bega likakwama. Tukamkunja magoti hadi tumboni, msaidizi wangu akakandamiza juu ya kinena, mtoto akatoka ndani ya dakika 3. Alilia. Lakini mkono wa kulia ulilala tu pembeni, haukujikunja. Niliwaambia wazazi palepale, nikaandika rufaa, nikawasindikiza hospitali mwenyewe.

Barua ya wakili ilinifikia miaka miwili baadaye. Hapo katikati nilikuwa nimehamia kampuni nyingine kwa sababu ya unafuu wa bei. Kampuni mpya ikasema mtoto alizaliwa kabla hujaja kwetu. Ya zamani ikasema dai limeletwa ukiwa umeshaondoka. Na kwa karatasi nilizosaini bila kusoma, zote zilikuwa na haki.

Bima nyingi za aina hii hazitazami siku jambo lilipotokea peke yake. Zinatazama siku dai lilipoletwa, nawe uwe bado mteja, na jambo lenyewe liwe halikutokea kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Kwa mkunga hapo pana hatari kubwa, maana kwa sheria yetu Tanzania ya ukomo wa madai, mtu mzima aliyeumizwa ana miaka 3 ya kudai, ila kwa mtoto hesabu inaanza akifikisha miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mikononi mwako leo anaweza kukudai umeshastaafu.

Kwa hiyo muulize wakala, akujibu kwa maandishi: bima inarudi nyuma hadi tarehe gani? Nikihama au nikifunga kliniki, nitaendelea kulindwa miaka mingapi? Kuzalisha kwenyewe kumo? (Kuna bima za wauguzi ambazo kwa ndani zimeondoa leba kabisa.) Ada za wakili zinakatwa kwenye kiwango cha fidia au ziko nje yake? Hakikisha pia wakala ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isilale hata siku moja, kwani kampuni inaweza kukataa kulipa kwa hilo tu.

Jambo likitokea, toa taarifa wiki hiyohiyo hata kama hakuna anayelalamika. Mikataba mingi inaruhusu, na dai likija baadaye linahesabiwa la siku uliyotoa taarifa. Mimi nilikaa kimya, nikiona wazazi wamenielewa.

Kilichonisaidia ni patografu (chati ya kufuatilia uchungu) na ukurasa mmoja wa daftari: saa kichwa kilipotoka, saa mwili ulipotoka, bega lipi lilikuwa mbele, nani alifanya nini. Wakili, niliyemlipa kwa kuuza kiwanja, aliuweka mezani, tukaelewana nje ya mahakama. Namshukuru Mungu, mkono wa mtoto umerudi karibu wote. Madaftari yote ninayo hadi leo, nimeyafungia kwenye sanduku la bati, na sitachoma hata moja.