Nimeacha ngano na nimepata nafuu: je, bado nipime?

SWALI: Daktari, shikamoo. Kwa muda mrefu nimesumbuliwa na tumbo kujaa gesi, kuharisha, na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Mdogo wangu alipogundulika kuwa na ugonjwa wa siliaki, nami niliacha vyakula vyote vya ngano, na sasa tumbo limetulia. Je, bado kuna haja ya kupima? Na ni kweli kwamba dawa yake imeshapatikana?

JIBU: Marahaba. Haja ipo, ila umetanguliza tiba kabla ya kipimo, na hapo ndipo penye ugumu. Katika siliaki, gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo wenyewe, hadi vijinyuzi vinavyofyonza virutubisho vikasinyaa. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, mahali palepale panapoumia zaidi, na ndiyo maana vidonge huweza kumezwa kwa miezi bila damu kuongezeka.

Kipimo cha damu hutafuta kingamwili za aina ya IgA dhidi ya kimeng'enya cha transiglutaminesi, ambacho watafiti wa Ujerumani walitambua mwaka 1997 kuwa ndicho kinacholengwa na kingamwili hizo. Omba IgA ya jumla ipimwe pamoja nacho, kwani wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, nao hupewa majibu safi ilhali ni wagonjwa. Majibu safi ya uongo humpata pia aliyeacha gluteni, kwa sababu kingamwili hupungua na utumbo huanza kupona.

Kwa hiyo huenda ukatakiwa kurudia kula gluteni kila siku kwa wiki kadhaa, chini ya uangalizi wa daktari. Binafsi ningeanza na kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na HLA-DQ8, kisichoathiriwa na chakula: usipokutwa nazo, karibu ni hakika kwamba huna siliaki. Ukikutwa nazo, jambo linalotarajiwa kwa ndugu wa mgonjwa, hazithibitishi kitu, maana watu wengi wanazo ilhali ugonjwa huwapata takriban asilimia 1 tu. Tangu mwaka 2012, mwongozo wa Ulaya unaruhusu baadhi ya watoto wenye kingamwili nyingi mno wasichukuliwe kinyama cha utumbo kwa ajili ya kupimwa. Kwa watu wazima, kwa kawaida kipimo hicho bado kinahitajika.

Nafuu yako peke yake si ushahidi, kwani ngano ina sukari fulani ambazo hujaza gesi hata tumbo lisilo na siliaki.

Kuhusu dawa, bado hakuna iliyoidhinishwa. Majaribio ya dawa ya larazotide yalisitishwa mwaka 2022 yakiwa katika hatua ya tatu. Dawa ya ZED1227, inayozuia transiglutaminesi, ilipunguza madhara ya gluteni kwenye utumbo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, lakini jaribio hilo lilidumu wiki 6 tu. Tiba inabaki kuwa kuacha gluteni maisha yote, ambayo msingi wake uliwekwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke.

Wakati unasubiri vipimo, upungufu wako wa damu utafutiwe sababu nyingine pia, hasa hedhi nzito au damu inayovuja polepole tumboni.