Mwacheni bibi aongee Kihaya na mtoto

Dada, usiutume huo ujumbe kwa mama mkwe. Kama mume wako ameshautuma, ampigie simu leo hii amwambie aje na Kihaya chake chote.

Kwa wanaoingia sasa hivi kwenye uzi: dada ana mtoto wa miezi mitano, yeye mzaliwa wa Morogoro, mume Mhaya wa Muleba. Mwenye kituo cha kulelea watoto wanachotaka kumpeleka mtoto baadaye amewaambia waanze mapema kumsemesha Kiingereza kitupu nyumbani, lugha nyingi "zitamchanganya". Sasa anauliza vitabu gani vya Kiingereza vinafaa, amsomee dakika ngapi kwa siku, katuni zipi ni nzuri, na kama ni sawa kumwomba bibi asitumie Kihaya mbele ya mtoto. Wenzangu hapo juu mmemjibu vitabu na bei. Hilo la bibi mmelipita, na ndilo litakalomgharimu.

Mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu Msukuma wa Magu. Kwa binti yetu wa kwanza tuliambiwa maneno hayohayo, na mtu wa aina hiyohiyo, tukayafuata kama dozi ya hospitali mpaka mtoto akawa anakaribia miaka mitatu. Ngoja niseme kilichotokea ndani ya nyumba, kwa sababu hiki hakuna anayekuambia.

Nyumba ilinyamaza.

Kiingereza nimekisoma, kazini naandikia ripoti, lakini sijawahi kubembelezwa nacho. Sijui kumtania mtoto kwa Kiingereza. Nikimwogesha kwa Kiswahili naongea mpaka povu liishe: mkono huu wa nani, na huu wa kushikia nini, kisogoni kuna mchanga, nani kakumwagia mchanga, paka? Hebu tumuulize paka. Kwa Kiingereza nilibaki na njoo, kaa, kula, acha, umefanya vizuri. Maneno ya kumwamrisha askari. Mtoto anaoga kimya, anavikwa nguo kimya, anakula huku katuni inaongea badala yangu. Hadithi za bibi yangu mzaa mama, za "paukwa, pakawa", zote nilizifungia kabatini, nikawa namsomea vitabu vya picha vyenye theluji na sungura waliovaa makoti, nasoma sentensi kama ilivyoandikwa, nafunga kitabu. Sikuwa na cha kuongezea.

Baba yake ndiyo kabisa. Huyu ni mtu ambaye akikutana na ndugu zake wa Magu huwezi kuingiza neno. Akirudi jioni anamkalisha mtoto mapajani, wote wawili wanatazama runinga.

Kisha mama mkwe akaja kutusalimia. Kashuka na mfuko wa michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, kachuchumaa mlangoni, kanyoosha mikono, "Mwangaluka!", salamu ya Kisukuma. Mtoto kamwangalia, kisha kageuka kuniangalia mimi. Na mimi, kwa adabu zote, nikamwambia, "Mama, tunaomba uongee naye Kiingereza, au basi Kiswahili." Mama yule Kiswahili anacho cha kununulia samaki na kuulizia nauli. Cha kumlea mjukuu hana. Akasema sawa mwanangu. Muda wote aliokaa kwetu alimlea mjukuu wake kwa ishara: anamfunga kanga mgongoni, anampa uji, anampangusa kamasi, anatabasamu, hasemi. Mtu aliyelea watoto na wajukuu kule kwao kwa nyimbo na mafumbo, kwangu aliishi kama bubu kwa sababu niliambiwa na mwenye kituo kwamba sauti yake itamharibu mtoto. Dada, hicho ndicho unachotaka kumwomba mume wako amwambie mama yake.

Na matokeo yake? Alipokaribia miaka mitatu binti alijua rangi, alihesabu mpaka ishirini, aliimba nyimbo za katuni mwanzo mpaka mwisho kwa lafudhi safi, majirani wakashangilia. Lakini ukimuuliza nani kakupiga, hana pa kuanzia. Hakujua kusimulia. Hakujua kuuliza kwa nini. Tulipompeleka hospitali akapimwa masikio, yako salama, halafu yule mtaalamu wa usemi akatuuliza swali moja tu: "Nyinyi wawili mkiwa peke yenu mnaongea nini?" Tukasema Kiswahili, na baba akikasirika, Kisukuma. Akasema basi mwongeleshe mtoto hivyohivyo.

Kiswahili kilikuja haraka, namshukuru Mungu. Kisukuma hakikurudi. Leo anaelewa salamu na maneno ya chakula, bibi akipiga simu wanasalimiana, kisha simu inapewa baba.

Sasa nizungumze na hao wenye vituo, maana najua baadhi yenu mnasoma humu. Nani aliwapa ruhusa ya kuingia kwenye nyumba za watu na kuwafunga wazee midomo? Mzazi anakuja kwenu na hofu ya kweli. Anajua shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, na ameona watoto wengi wenye akili wakikwama pale. Hofu hiyo mnaiuzia ada. Mngemwambia Kiingereza tutafundisha sisi, ndiyo kazi tunayolipwa, ningewaheshimu. Badala yake mnamwambia mama asiyekimudu Kiingereza awe mwalimu wa Kiingereza wa mtoto wake saa ishirini na nne. Mtoto anakosa Kiingereza kizuri, na Kiswahili kizuri anakosa pia.

Na hilo neno "kuchanganyikiwa" limepimwa miaka mingi na halisimami. Miami, mwaka 1993, Barbara Pearson na wenzake walihesabu maneno ya watoto wadogo wanaokua na Kiingereza na Kihispania. Ukihesabu lugha moja tu, mtoto anaweza kuonekana yuko nyuma. Ukijumlisha zote mbili, yuko sawa na mwenzake wa lugha moja. Kwa hiyo mtoto wako akisema "maji" kwako na neno la Kihaya la maji kwa baba yake, andika mawili. Na akichanganya lugha mbili kwenye sentensi moja, hajapotea. Anatumia kila alichonacho, kama wanavyofanya wazazi wake ofisini kila siku.

Kuhusu katuni nitasema kwa kifupi. Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle walichapisha mwaka 2003 jaribio la watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilisomewa na kuchezeshwa na mtu anayeongea Kichina cha Mandarin, vipindi 12. Kundi lingine liliona na kusikia mambo hayohayo kwenye skrini. Waliokaa na mtu wakajifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa skrini hawakuambulia kitu. Shirika la Afya Duniani nalo, mwongozo wa 2019, halishauri skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Usitafute katuni nzuri ya mtoto wa miezi mitano.

Umri wake ndio unaonifanya niandike kwa haraka hivi. Watafiti wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa nyumba za Kiingereza wenye miezi sita hadi minane husikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa kwao hawazipati, na uwezo huo unashuka kadiri wanavyokaribia mwaka mmoja. Mtoto anaweza kujifunza lugha baadaye, watu hujifunza hata wakiwa wazee. Ila bibi anakuja sasa, masikio yako wazi sasa, na kila atakachopewa hakina ada.

Kanuni yangu ni hii, na siibadilishi kwa mtu yeyote: kila mtu amsemeshe mtoto kwa lugha inayomtoka bila kuitafuta. Wewe Kiswahili, baba Kihaya, bibi Kihaya. Dada wa kazi kama ni Mgogo na anaimba Kigogo akiwa anaosha vyombo, aimbe. Kama kuna mzazi humu ambaye Kiingereza ndicho anachoombolezea na kuchekea, amsemeshe mtoto Kiingereza, hana kosa. Mmeshaanza kuniandikia "mbona mtoto wa shemeji yangu anasemeshwa Kiingereza tu na yuko sawa". Shemeji yako kakulia London, muacheni.

Kusoma kwa sauti nako kunafuata kanuni hiyohiyo. Chama cha madaktari wa watoto Marekani tangu mwaka 2014 kinawashauri wazazi waanze kusoma na mtoto tangu anapozaliwa, kwa hiyo kwa miezi mitano si mapema mno. Atakitafuna kitabu, mpe kile cha kurasa ngumu akitafune. Atafungua ukurasa wa mwisho kwanza, anza na huo. Akikataa kuendelea, funga, mtarudi baadaye. Akitaka kitabu kilekile kila jioni, mpe kilekile.

Na kitabu cha Kiingereza hakidai kusomwa kwa Kiingereza. Hili tuligundua kwa mtoto wetu wa pili. Mume wangu alilalamika hana kitabu cha Kisukuma cha kumsomea. Nikampa kimoja cha wanyama, kila ukurasa mnyama na neno moja la Kiingereza chini yake. Akafika kwa ng'ombe. Jamani! Mtu wa Magu umuoneshe ng'ombe utegemee atasema neno moja ageuze ukurasa? Alianza na pembe, zimekaa vipi, akaenda kwenye nundu, akamshika mtoto kidole akakizungusha juu ya nundu, akaeleza rangi (wana jina la kila rangi na kila baka), akauliza huyu ng'ombe wa nani, akajibu mwenyewe kwamba ni wa babu, akatoa mlio wa kumwita arudi zizini. Mtoto alikuwa hajaanza kutembea. Anapiga karatasi kwa kiganja, baba anajibu, anapiga tena. Ukurasa mmoja ulitosha jioni nzima. Baadaye akawa akikiona tu kile kitabu anatoa ule mlio. Huyo mtoto leo anaongea Kisukuma, na Kiingereza anakipata shuleni kama wenzake.

Kwa hiyo mpe mume wako kitabu chochote chenye picha, mwambie asiyatazame maandishi. Kwa upande wako Kiswahili kina vitabu. Wachapishaji Mkuki na Nyota wanavyo vya watoto, na kwenye tovuti ya African Storybook kuna hadithi fupi za picha bila malipo, unazisoma kwenye simu au unazichapisha. Mama mkwe kama hasomi, haina shida. Akae na mtoto, aseme anachofanya: anamenya ndizi, anachambua maharage, anamsimulia walivyokuwa wakiishi. Ukipenda, mrekodi kwenye simu kwa ajili ya miaka ijayo, ila rekodi isichukue nafasi ya yeye mwenyewe kumpakata mtoto.

Mwisho, jambo ambalo sitaki ulikosee hata ukikataa mengine yote. Ukiona hageukii sauti, habwabwaji anapokaribia mwaka mmoja, au amefika miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili katika lugha yoyote ile, usikubali kuambiwa "ni lugha nyingi hizo, atakaa sawa", na usikubali pia kuambiwa uache lugha moja. Mpeleke hospitali ya rufaa iliyo karibu, ulizia kitengo cha masikio, pua na koo, dai apimwe usikivu kwanza. Ukienda, chukua na karatasi yenye maneno yote anayoyasema, ya Kihaya pia. Muulize bibi, atakuwa anayajua mengine ambayo wewe hukuyatambua kuwa ni maneno.