Mwamba una umri au una tarehe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafasiri makala kuhusu miamba ya kale ya volkano. Nimeandika "tarehe ya mwamba huu ni miaka bilioni 3.5" na "chanzo chake ni koti la dunia". Mhariri amezipigia mstari sentensi zote mbili. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Ya kwanza ni kosa. Ya pili haijafika.

Tarehe ni siku ya kalenda. Miaka bilioni 3.5 ni muda uliopita, kwa hiyo mwamba una umri, na wanaoupima wanakadiria umri wake. Ila mweleze msomaji kwamba umri huo unahesabiwa tangu lava ilipoganda. Chukua kipimo cha potasiamu na argoni, kinachotumika sana kwa miamba ya volkano. Potasiamu-40 iliyomo kwenye jiwe hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 1.25, na sehemu yake hugeuka argoni. Lava ikiwa bado ya moto, gesi hiyo hutoroka. Ikishaganda, argoni inayozaliwa humo hunaswa, na hesabu huanzia hapo.

Sasa "chanzo". Neno hili hubeba pia maana ya sababu, na msomaji anaweza kudhani koti, yaani tabaka nene la miamba chini ya ganda la dunia, ndilo lililosababisha mlipuko. Mimi ningechagua chimbuko. Ni ndugu wa chimba na chimbua, ardhi imo ndani yake tayari. Sioni neno linalolifaa jambo hili zaidi. Lakini angalia kilichochimbuka: mwamba wenyewe uliundwa juu, kilichotoka kwenye koti ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi.

Tofauti hii ina uzito hasa kwenye komatiiti, lava ya kale iliyopewa jina la Mto Komati kusini mwa Afrika. Ilitiririka ikiwa na joto la nyuzi 1600 hivi za Selsiasi, wakati basalti, lava ya kawaida ya leo, hufika kama 1200. Hapo elementi ya samariamu, inayogeuka elementi nyingine iitwayo neodimiamu, hutoa majibu mawili: umri wa mwamba, na hali ya koti lililoyeyuka. Wataalamu huyatenganisha, nawe yatenganishe:

"Mwamba huu una umri wa miaka bilioni 3.5, na magma yake ilichimbuka kwenye koti la dunia."

Na umepatia kuandika "koti la", si "koti ya". Neno hilo ni la ngeli ya LI-YA hata likivikwa sayari.