Wasomaji Wauliza: Mwamuzi wa Besiboli Hupima kwa Kipimo Gani?

SWALI: Mhariri, nafanya kazi ya ulinzi wa usiku katika jengo moja la ofisi hapa Upper Hill. Kwa kuwa mechi nyingi za besiboli ya kulipwa ya Marekani huanza wakati kwetu ni saa nane za usiku, nimekuwa mfuasi wa mchezo huo kupitia simu yangu. Kuna jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Mpira unaopita kwenye pembe ya chini mwamuzi wa leo huuita straiki, na kesho mwamuzi mwingine huuita boli ilhali umepita pale pale. Je, waamuzi hawa wana kanuni moja, au kila mmoja ana yake? Na ikiwa sisi watazamaji tunachorewa kisanduku kwenye skrini na kuliona kosa papo hapo, kwa nini mwamuzi aliye uwanjani asisaidiwe na mtambo huo huo? — Mlinzi wa usiku, Upper Hill

JIBU: Ndugu mlinzi, kanuni ni moja na imeandikwa. Kwa faida ya wasomaji ambao hawajautazama mchezo huu, mrushaji husimama umbali wa mita 18.4 kutoka kwenye kibao cheupe kilicholazwa ardhini. Mpigaji husimama kando ya kibao hicho na gongo lake, mdakaji huchuchumaa nyuma, na mwamuzi huinama nyuma ya mdakaji. Mpira usiopigwa uliopita ndani ya eneo lililowekwa ni straiki, na uliopita nje ya eneo hilo ni boli. Straiki tatu humtoa mpigaji. Boli nne humpa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, bila jasho. Eneo lenyewe lina upana wa kibao, yaani sentimita 43, na kimo chake huanzia chini kidogo ya kifuniko cha goti hadi katikati ya mabega na ukingo wa juu wa suruali.

Kwenye karatasi hakuna utata. Uwanjani, mipaka hiyo haionekani, kwa sababu hewa haina chokaa, na hubadilika kila anapoingia mpigaji mrefu au mfupi. Mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika kwenye kibao katika muda usiotimia nusu sekunde, na mara nyingi hupinda ukiwa karibu kabisa. Mdakaji naye hujifunza kwa miaka mingi kuupokea kwa mkono laini na kuuvuta ndani kidogo, ili mpira uliokuwa nje uonekane kuwa umepita ndani, na wapo wanaolipwa vizuri kwa sababu ya ufundi huo. Hata hivyo, waamuzi wa ligi kuu hupatia zaidi ya mipira tisini katika kila mia wanayoiamua. Kosa la macho, kwa hiyo, mimi siwezi kuliita dhuluma.

Kinachonisumbua ni kosa lenye mwelekeo. Tangu kamera zianze kurekodi njia ya kila mpira katika viwanja vyote vya ligi kuu, mwaka 2008, watafiti wameonyesha mara kwa mara kwamba eneo la straiki la mwamuzi hupanuka na kusinyaa kulingana na hesabu ya boli na straiki za mpigaji. Mpigaji akiwa na boli tatu na hana straiki, mpira ulio nje kidogo huwa na nafasi kubwa ya kuitwa straiki. Akiwa na straiki mbili na hana boli, mpira ulio ndani kidogo huwa na nafasi kubwa ya kuitwa boli. Ni kana kwamba mwamuzi, bila kujua, hataki sauti yake ndiyo imalize pambano. Huruma hiyo ni ya kibinadamu, lakini kila anayehurumiwa humwacha mwenzake amepunjwa, naye mrushaji aliyekwisha kufanya kazi ngumu ya kupata straiki mbili ndiye anayelipia.

Swali lako la kwamba kila mwamuzi ana kanuni yake lina historia pia. Ligi kuu ya Marekani imeundwa na ligi mbili, na hadi mwisho wa karne iliyopita kila moja ilikuwa na waamuzi wake. Kwa miaka mingi waamuzi wa ligi moja walijikinga kwa mto mkubwa ulioshikwa mbele ya kifua, uliowalazimu kusimama wima juu ya kichwa cha mdakaji, ilhali wenzao walivaa kinga ndogo ndani ya koti na waliweza kuinama. Aliyesimama wima aliuona vizuri mpira wa juu na aliyeinama aliuona vizuri wa chini, kwa hiyo ligi mbili zenye kitabu kimoja cha sheria zikawa na maeneo mawili ya straiki. Waamuzi hao waliwekwa chini ya ofisi moja mwaka 2000 tu.

Mfano ambao wafuasi wa mchezo hawausahau ni wa Oktoba 1997, katika fainali ya mojawapo ya ligi hizo, ambapo Livan Hernandez wa Florida Marlins aliwatoa wapigaji 15 wa Atlanta Braves kwa straiki. Mwamuzi Eric Gregg aliiita straiki mipira mingi iliyopita mbali kabisa na kibao. Wapo waliomtetea kwa kusema kwamba alikuwa mpana kwa timu zote mbili. Utetezi huo una uzito fulani, kwani kwangu haki ya kwanza ya mchezaji ni kujua mapema atapimwa kwa kipimo kipi, na kipimo hicho kisibadilike kati ya mwanzo na mwisho wa mechi. Lakini haki hiyo haikamiliki iwapo kipimo kinajulikana tu baada ya mechi kuanza. Mpigaji aliyefanya mazoezi mwaka mzima kwa eneo lililoandikwa hapaswi kuligundua eneo jingine akiwa tayari amesimama kwenye kibao.

Sasa nije kwenye mtambo. Korea Kusini ndiyo ligi kuu ya kwanza kuukabidhi uamuzi wote: tangu msimu wa 2024, kompyuta huamua kila mpira na mwamuzi hutangaza kile alichokisikia kwenye kifaa cha sikioni. Wamarekani walikwenda taratibu zaidi. Walianza majaribio mwaka 2019 katika ligi ndogo, wakayapeleka katika ligi za chini za timu kubwa, na huko wakalinganisha njia mbili, ile ya mtambo kuamua kila kitu na ile ya rufaa. Rufaa ndiyo iliyopendwa, na iliidhinishwa Septemba 2025 kwa ajili ya ligi kuu kuanzia msimu wa 2026. Mwamuzi huendelea kuamua mwenyewe. Kila timu huanza mechi na rufaa mbili, na wanaoruhusiwa kukata rufaa ni mrushaji, mdakaji na mpigaji pekee, papo hapo, kwa kugusa kofia, bila kungoja ishara kutoka kwa kocha. Picha ya mpira huonyeshwa uwanjani baada ya sekunde chache. Aliyekata rufaa kwa haki hubaki na rufaa yake, aliyekosea huipoteza.

Naiunga mkono njia hii kuliko ile ya Korea, ingawa najua wapo watakaonipinga. Rufaa inamlazimu mchezaji apime malalamiko yake kabla ya kuyatoa, na inampa mwamuzi nafasi ya kusahihishwa hadharani bila kutukanwa. Wapenzi wa kriketi wa Nairobi wanalifahamu jambo hili, kwani wamezoea kuona uamuzi wa miguu mbele ya vijiti ukipelekwa kwa kamera. Tofauti ni kwamba katika kriketi, mtambo ukionyesha kuwa mpira ungevigusa vijiti kwa ukingo tu, uamuzi wa mwamuzi wa uwanjani husimama. Katika besiboli hakuna nafasi hiyo: sehemu yoyote ya mpira ikigusa eneo ni straiki, hata kama ni kwa upana wa unyoya.

Hata hivyo, usiamini kwamba kisanduku unachokiona ni ukweli ulioshuka kutoka mbinguni. Mtambo hautazami magoti wala suruali. Hupima urefu wa mchezaji akiwa amesimama bila viatu, kisha huweka ukingo wa chini kwenye asilimia 27 ya urefu huo na ukingo wa juu kwenye asilimia 53.5, na hupima mpira unapopita juu ya katikati ya kibao. Kitabu cha sheria kinaeleza umbo lenye kina, kuanzia ncha ya mbele ya kibao hadi ya nyuma. Mtambo unatumia bapa moja jembamba. Watu walikaa mezani wakazichagua namba hizo. Ubora wake ni kwamba zilichaguliwa mapema, zikatangazwa, na zinamhusu kila mmoja kwa namna ile ile. Na bado timu iliyomaliza rufaa zake katika awamu ya pili kati ya tisa itayavumilia makosa yaliyosalia, jambo ambalo kwangu halijapata jibu la kuridhisha.

SWALI: Mimi ni mwalimu huko Kayole. Nilisimuliwa kwamba mwamuzi mmoja wa besiboli aliwahi kulia baada ya kukosea. Je, mwamuzi akikiri kosa, matokeo hubadilishwa? Na waamuzi hawa huadhibiwa? — Mwalimu, Kayole

JIBU: Mwalimu, uliyosimuliwa ni kweli. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika besi ya kwanza. Akimtoa wa 27 angekuwa mrushaji wa 21 tu katika historia ndefu ya ligi kuu kukamilisha mechi isiyo na dosari. Mpigaji huyo wa mwisho alitanguliwa na mpira kwenye besi, yaani alikuwa ametoka, na kila aliyetazama aliliona hilo, isipokuwa mwamuzi Jim Joyce, aliyenyoosha mikono kuashiria kwamba mkimbiaji yuko salama. Galarraga alitabasamu, akarudi mahali pake, akamtoa mpigaji aliyefuata. Baada ya mechi Joyce aliutazama mkanda, akakiri mbele ya waandishi kwamba amekosea, akamwomba mchezaji radhi. Siku iliyofuata Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya majina ya wachezaji kwenye kibao, na Joyce alikuwa akifuta machozi.

Matokeo hayakubadilishwa. Kamishna wa ligi, Bud Selig, aliuacha uamuzi usimame. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na naona alikosea, kwa kuwa kosa lilikuwa la mwisho wa mechi na kulisahihisha kusingemdhuru yeyote. Kesi ya mwaka 1985 ni ngumu zaidi. Katika mechi ya sita ya fainali kuu, mwamuzi Don Denkinger alimwita mkimbiaji wa Kansas City Royals salama ingawa alikuwa ametoka, mwanzoni mwa nafasi ya mwisho ya timu yake kupiga. St. Louis Cardinals walikuwa wakiongoza kwa 1-0 na wangetwaa ubingwa usiku ule; walifungwa 2-1, na katika mechi ya saba wakafungwa 11-0. Hapo kosa lilifuatwa na matukio mengi mno, wala hakuna awezaye kuyafumua yote na kuyashona upya. Ndiyo maana dawa ni kusahihisha papo hapo. Ligi ilianza kutazama marudio ya video kwa mipigo ya kutoka nje ya uwanja mwaka 2008, na mwaka 2014 ikaongeza maamuzi mengi ya kwenye besi, ambayo hupitiwa na waamuzi walioko kituoni New York. Straiki na boli ziliachwa nje ya utaratibu huo hadi ilipokuja rufaa niliyoieleza hapo juu.

Kuhusu adhabu, waamuzi hupimwa baada ya mechi, na alama zao huzingatiwa wanapochaguliwa kusimamia fainali. Lakini usahihi na uadilifu ni vitu viwili. Pat Hoberg, katika mechi ya pili ya fainali kuu ya 2022, alipatia kila mpira aliouamua nyuma ya kibao. Mwaka 2025 ligi ilimfuta kazi kwa sababu alishiriki akaunti za kamari na rafiki yake aliyekuwa akibashiri mechi za besiboli, ingawa haikupata ushahidi kwamba mechi yoyote ilichezewa. Naona ligi ilifanya sawa. Anayekushtaki kwa upendeleo unaweza kumwonyesha mkanda. Anayekuona karibu na meza ya kamari hata mkanda hatauamini.

SWALI: Shuleni kwetu Dagoretti tunachezesha raunda, na kila mechi kati ya shule mbili huishia kwa ugomvi kuhusu mipira ya juu na ya chini. Hatuna kamera wala fedha za kamera. Tufanye nini? — Mzazi anayesaidia michezo, Dagoretti

JIBU: Ndugu mzazi, katika raunda mpira mzuri ni ule unaopita kati ya kichwa na goti la mpigaji, na hapo ndipo pa kuanzia. Kabla ya mechi, waite manahodha wa pande zote mbili, msimamishe mchezaji mfupi kabisa na mrefu kabisa kwenye nafasi ya kupigia, na mwamuzi aonyeshe kwa mkono mipaka yao huku kila mtu akitazama. Mwamuzi huyo huyo aamue mechi nzima kwa timu zote mbili, na asimame sehemu moja kila mpira unaporushwa, ikiwezekana palipochorwa alama ardhini. Daftari la alama lishikwe na mtu mwingine, ili anayeamua mpira asiwe anawaza nani anaongoza. Na akitambua amekosea, aseme kwa sauti na kurekebisha kabla mpira unaofuata haujarushwa. Ukisharushwa, mchezo uendelee.