Kusindika ngozi ya mbuzi nyumbani kwa magome ya olkiloriti

Baada ya Idi ya kuchinja, mitaa mingi ya Arusha ngozi za mbuzi hutupwa tu. Mnunuzi wa ngozi mbichi akipita anataja bei isiyotosha hata nauli ya daladala, basi mtu anaona bora ampe mbwa. Mimi hizo nazichukua. Nazisindika nyuma ya nyumba huku Ngaramtoni, kwa ndoo za plastiki, chokaa na magome ya miti, na zinatoka ngozi za kushonea mikanda, pochi na ala za sime. (Wa ngoma msijisumbue: ngozi ya ngoma huwambwa mbichi, ukiisindika inakuwa laini na mlio unakufa.)

Kabla hujashika kisu, ujue mnyama alikufaje. Huku kwetu kimeta hakijaisha, na vimelea vyake hukaa kwenye ngozi na udongo kwa miaka mingi. Chumvi haiviui, wala kuanika juani. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, usimchune, usimguse, mwite afisa mifugo. Hata akikuambia jirani kwamba "alikufa tu usiku, ngozi yake nzuri", mwachie mwenyewe. Chukua ya mnyama aliyechinjwa na ukamwona. Na ukiletewa ya swala au pundamilia, hata kama ni kipande, kataa: hiyo ni nyara, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina masihara na mtu anayekutwa nayo bila kibali.

Ngozi ikitoka kwa mbuzi, saa zimeanza kuhesabika. Moshi mjini mwezi wa pili, iliyochunwa asubuhi jioni inaanza kunuka na manyoya yananyofoka. Arusha ya Juni na Julai inakupa nafasi zaidi, ndiyo maana kazi nyingi nazipanga miezi hiyo ya baridi. Kama huanzi siku hiyohiyo, osha damu, tandaza upande wa nyama ukiwa juu, mwagia chumvi kama theluthi ya uzito wa ngozi, uisugue mpaka kwenye kingo. Usiianike chini kwenye jua kali: juu inakauka na kufunga, ndani inaoza, na hutagundua mpaka siku uiloweke uone inachanika.

Ukiwa tayari, iloweke kwenye maji masafi ilainike, kisha ilaze juu ya gogo la mviringo upare mafuta na mabaki ya nyama kwa kisu butu. Kisu kikali kitaitoboa ngozi hapo tumboni ambapo ni nyembamba. Halafu inaingia kwenye chokaa. Kwa ndoo ya lita 20 naweka kati ya nusu kilo na kilo moja ya chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, nakoroga, natumbukiza, na kila siku naigeuza. Vaa glavu, linda macho, na watoto wasiwe karibu. Siku tatu hadi saba, kulingana na joto, vuta unyoya wa shingoni. Ukitoka bila ubishi, toa ngozi urudi kwenye gogo upare manyoya yote. Wazee walitumia majivu ya kuni na yanafanya kazi, ila nguvu yake haitabiriki.

Chokaa lazima itoke yote. Suuza mara nyingi, kisha iloweke usiku mmoja kwenye maji ya pumba za mahindi zilizochachuka, au maji yenye siki kidogo. Ukiibonyeza kwa kidole alama ikabaki, na ikiwa haitelezi tena kama sabuni, imetulia.

Sasa magome. Olkiloriti ni ule mgunga ambao Wamaasai huchemsha kwenye supu, na sokoni kina mama wanauza magome yake yaliyofungwa vifungu. Tafuna kipande uone ulimi unavyokauka kwa ukakasi: kinachokukausha ulimi ni tanini, na ndiyo hiyo inayoshikana na protini ya ngozi ikazuia isioze. Muwati una tanini nyingi zaidi, na Njombe ulipandwa mashamba kwa mashamba kwa ajili ya magome hayo. Pwani walitumia mkandaa. Kila sehemu ina mti wake. Ukivuna mwenyewe, chukua kwenye matawi yaliyokatwa. Ukimenya shina kuzunguka pande zote, mti umeuua.

Pondaponda magome makavu, yasiwe chini ya uzito wa ngozi yako, uyachemshe kwenye sufuria ya alumini. Chuma chochote chenye kutu kiwe mbali, kwa sababu chuma kikikutana na tanini unapata madoa meusi ya bluu ambayo hayatoki. Acha maji yapoe kabisa. Ngozi mbichi husinyaa kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na ikishasinyaa hairudi.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na sababu ni haraka. Wanachukua maji mazito meusi ya kwanza, wanatumbukiza ngozi, wanaona siku ya pili imekuwa kahawia nzuri, wanafurahi. Hiyo ni nyama choma iliyoungua nje na ndani ina damu. Tanini kali inafunga uso wa ngozi, haiwezi tena kupenya, na katikati inabaki mbichi. Anza na maji hafifu, kikombe kimoja cha yale mazito kwenye ndoo ya maji. Siku za mwanzo koroga mara kwa mara, hata kama unapita tu kwenda kuchota maji, ili rangi isishike mabaka kwenye mikunjo. Kila baada ya siku mbili tatu ongeza ukali kidogo. Ndoo ikianza kupauka na ladha ya ukakasi kupungua, ngozi imeshakunywa, ongeza tena.

Mbuzi huchukua wiki tatu, nne. Kujua imeiva, kata kijipande ukingoni mwa shingo, sehemu nene kuliko zote, uangalie ubavu wake. Kahawia toka upande mpaka upande, toa. Ukiona mstari mweupe katikati, hata mwembamba kama uzi, irudishe na usijadiliane nao.

Baada ya hapo suuza, kamua, paka mafuta ingali na unyevu. Mimi napenda mafuta ya mkia wa kondoo yaliyoyeyushwa, na mafuta ya nyonyo yanafaa pia. Ya kupikia yanaweza kuvunda na kunuka. Iwambe kivulini. Ikiwa karibu kukauka, ukiivuta na kuona inapauka, ishushe uisugue huku na huku kwenye ukingo wa nguzo mpaka ilegee. Hiyo ni kazi ya mikono na mabega kwa saa kadhaa, na ukiiacha ikauke peke yake utapata ubao. Masika usianze hatua hii, ukungu utakuwahi.

Maji ya chokaa usimwage mferejini, kuna watu wa chini wanamwagilia mboga na kunywesha ng'ombe. Chimba shimo mbali na kisima. Magome yaliyokwisha kazi yanafaa kutandazwa kwenye migomba, na manyoya yaliyosuuzwa vizuri yaende kwenye mboji.

Ngozi ya ng'ombe iache kwanza. Inataka pipa, magome ya gunia kwa gunia na miezi kadhaa, na ikiloa huiinui peke yako.